Tupeane uzoefu: pakeji zilizogoma kuelewana kwenye projekti yako

fundi_wavuti: Wakuu, mliozoea kujenga tovuti karibuni. Kila mtu alete pakeji (kodi ya watu wengine unayoisakinisha kwenye projekti) iliyomtoa jasho na jinsi alivyomnasa mchawi. "Nilifuta node_modules ikakubali" (yaani folda pakeji zinamokaa) haitoshi, tuambie kwa nini ilikubali.

Naanza mimi. Projekti ya React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa) nimerithi, napiga `npm install` (npm ndiyo inayosakinisha pakeji za JavaScript), inanirushia kosa la ERESOLVE, yaani matoleo ya pakeji yanagongana, na maandishi mekundu skrini nzima. Wengi hapo hukimbilia `--legacy-peer-deps`, inayoiambia npm ipuuze migongano hiyo. Mimi nikasoma. Juu imeandikwa `Found: react@18.2.0`, chini yake `peer react@"^16.8.0 || ^17.0.0"` kutoka pakeji ya kalenda. Basi, mgomvi kajulikana: kalenda inataka React ya 16 au 17, sisi tuko 18. Nikakuta wenye kalenda wameshatoa toleo linalokubali 18, nikapandisha hiyo moja tu. Kwa nini zamani ilipita? Kwa sababu npm 6 ilikuwa inatoa onyo na kuendelea. Kuanzia npm 7, ya 2020, inasakinisha yenyewe hizo pakeji zinazohitajiwa na wenzake, na zikigongana inagoma.

usiku_wa_kodi: Yangu ilinitisha zaidi kwa sababu hakuna aliyegusa kodi. Kompyuta mpya, projekti ileile, `ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED`. Kumbe Node 17 (Node ndiyo inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari) ilikuja na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji fiche, ambayo md4 (njia ya zamani ya kukokotoa hash) imeitupa kando, na webpack 4, chombo cha kufungasha kodi ya tovuti, inaitegemea md4. Kuna watu wanaweka `--openssl-legacy-provider`, inayorudisha njia hizo za zamani, na kusahau. Sikuipenda, unafungua mlango waliofunga wenyewe kwa sababu za usalama. Nilirudi Node 16 kwa muda, nikaweka namba hiyo kwenye `.nvmrc` (faili inayotaja toleo la Node la projekti) ili timu nzima iwe sawa, kisha taratibu tukahamia webpack 5.

mzee_wa_seva: Kwangu inafanya kazi, kwenye seva inakufa. Angalia kama `package-lock.json` (faili inayorekodi toleo kamili la kila pakeji) imo kwenye Git, hifadhi ya kodi ya timu. Kwetu ilikuwa ndani ya `.gitignore`, orodha ya faili ambazo Git inaziruka! Bila hiyo, `^4.2.0` inachukua chochote kilicho chini ya 5.0.0, kwa hiyo anayesakinisha leo hapati alichopata mwenzake mwezi uliopita. `~4.2.0` inabaki kwenye 4.2. Kwenye seva tumia `npm ci`, inayosakinisha yaleyale yaliyo kwenye `package-lock.json`.

php_bado_ipo: Na sisi wa Composer (kisakinishi cha pakeji za PHP) ni hivyohivyo. `composer update`, inayotafuta matoleo mapya, usiifanyie kwenye seva, huko ni `composer install`, isome `composer.lock`. Ukitaka kujua nani anakuzuia kupandisha PHP, `composer why-not php 8.1` itamtaja kwa jina.

mgeni_jukwaani: @fundi_wavuti, na kama wenye pakeji wameitelekeza, hakuna toleo jipya?

fundi_wavuti: Mkuu, hapo kuna `overrides`, sehemu ya kulazimisha toleo, ndani ya `package.json`, faili inayoorodhesha pakeji za projekti. Unaitaja kalenda, ndani yake unaandika `"react": "$react"`, yaani itumie React ileile ya projekti. Ni afadhali kuliko `--legacy-peer-deps`, maana hiyo inanyamazisha migongano yote hata usiyoijua. Ila jaribu kila ukurasa wenye kalenda, kisha piga `npm ls react` uone matoleo ya React yaliyosakinishwa. Ukiona React mbili tofauti, jiandae kukutana na kosa la React la "Invalid hook call".