Mjadala: Kompyuta ipo, hesabu za kichwani za kushusha ndege ni za nini tena?

Kipima Upepo: Wakuu, niko mafunzoni. Kompyuta ya ndege inaonyesha yenyewe pa kuanzia kushuka, lakini mwalimu bado anataka nizidishe kichwani: maelfu ya futi za kushuka mara tatu, unapata maili za baharini. Futi 35,000 ni maili 105, ongeza 10 hivi za kupunguza mwendo. Kuna haja gani?

Mzee wa Mawingu: Haja ipo. Kompyuta imepanga maili 60, mara mwongozaji wa ndege aliye chini anakufupishia njia, zimebaki 40 nawe uko futi 18,000 juu ya uwanja. 18 mara tatu ni 54. Uko juu mno, toa breki za hewa sasa hivi, usingoje skrini ikushtue. Ila kizazi cha kubonyeza, mkiulizwa saba mara nane mnatafuta chaji.

Binti Rada: Kizazi cha kubonyeza? Si kizazi chenu cha penseli kilichoishiwa mafuta angani kule Marekani 1983? Boeing 767 nzima, mmechanganya ratili na kilo!

Fundi Bawa: Kanada, dada. Ikatua Gimli, injini zote kimya.

Binti Rada: Kanada, Marekani, mafuta yaliisha au hayakuisha?

Fundi Bawa: Yaliisha. Walizidisha lita kwa 1.77, ambayo ni ya ratili, badala ya 0.8 ya kilo. Lakini na vipimo vya mafuta vilikuwa vibovu, msiwabebeshe marubani peke yao.

Mzee wa Mawingu: Na baada ya injini kuzima? Rubani msaidizi alipiga hesabu: wamepoteza futi 5,000 kwa maili 10, uwanja wa Winnipeg hawafiki. Ndipo wakageukia Gimli. Penseli hiyo hiyo, binti.

Binti Rada: Yaani aliyechoma nyumba tumpongeze kwa kubeba ndoo.

Kipima Upepo: Jamani, swali langu… Na ile ya kasi mara tano? Noti 140, yaani maili za baharini 140 kwa saa, unashuka futi 700 kwa dakika, mteremko wa nyuzi tatu?

Chini ya Bawa: Noti 140! Mwenzetu yuko mafunzoni na ashaanza kulipwa.

Mzee wa Mawingu: Mara tano, sawa, lakini ni kasi juu ya ardhi, si ya hewani. Upepo ukikusukuma kwa nyuma noti 20, hiyo 700 inakuwa 800. Wengi wanasahau hapo, wanajikuta juu ya mstari.

Binti Rada: Mimi hizo hesabu nazipiga kila safari, hakuna aliyesema ziachwe. Nimekataa lile neno la chaji tu.

Mzee wa Mawingu: Saba mara nane?

Binti Rada: 56. Haya, zamu yako: njia ikibadilishwa dakika ya mwisho, kwenye kompyuta unaanza kubonyeza wapi?

Chini ya Bawa: Mzee kapotea mtandaoni.