Mtumishi wa umma aiache dini yake getini?

mwanafunzi_ustawi: Habari wakuu, naomba tujadili kwa heshima maana hili linanisumbua kweli. Nasomea ustawi wa jamii na darasani dini zote zipo, wengine hawana kabisa. Tunafundishwa kwamba ukimhudumia mtu usiegemee dini yoyote, hapo sina shida, ila mpaka uko wapi? Ufaransa dini na serikali vilitenganishwa kwa sheria ya 1905 na leo mtumishi wa umma akiwa kazini haruhusiwi kuvaa alama ya dini, wakati Kanada polisi wa shirikisho ambao ni Masingasinga wanaruhusiwa kilemba tangu 1990 na kazi inaenda. Nyie mnaonaje?

Mzee wa Faili: Mimi nasimama na Ufaransa. Mtu anakuja kwako anaogopa kunyang'anywa watoto, au kafukuzwa na familia kwa sababu ya dini hiyohiyo, halafu anakutana na alama yake kifuani kwako, atafunguka kweli? Na hana uwezo wa kuchagua ofisa mwingine. 2015 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliiunga mkono Ufaransa kwenye kesi ya mama mmoja ofisa wa ustawi wa jamii, kitengo cha magonjwa ya akili hospitalini, mkataba wake haukuongezwa maana alikataa kuvua mtandio.

nesi_zamu_ya_usiku: Mzee wangu shikamoo, ila hapana. Nimeshafanya kazi na mtu asiyevaa alama hata moja na alikuwa anawaambia wagonjwa kwamba ugonjwa wao ni adhabu ya dhambi, sasa huyo sheria ya mavazi ingemkamata wapi?? Angalieni Quebec, jimbo la hukohuko Kanada, sheria ya 2019, walimu wa shule za umma, polisi, mawakili wa serikali, wote marufuku alama wakiwa kazini, waliokuwa tayari kazini wakaachwa na alama zao ila wasibadilishe cheo. Anayeumia ni yule ambaye dini yake inavaliwa, mwenye dini ya moyoni anapita tu. Hoja ya usalama naikubali, yule nesi wa Uingereza aliyekatazwa mkufu wa msalaba wodini alishindwa kesi 2013 na naona ni haki, mgonjwa anaweza kuuvuta.

Kituo cha Kati: Naongezea. Kwenye hukumu hiyohiyo ya 2013 alikuwepo msajili wa ndoa aliyekataa kusajili wapenzi wa jinsia moja kwa sababu ya imani, naye akashindwa. Kwangu mpaka uko hapo, vaa alama yako, funga saumu, omba ubadilishiwe zamu ya siku yako ya ibada, lakini mwananchi asirudishwe mlangoni.

mwanafunzi_ustawi: Asanteni sana. Na mteja mwenyewe akiniomba tusali?

nesi_zamu_ya_usiku: Mdogo wangu, kaa naye, mpe utulivu asali yeye, kama anataka kiongozi wa dini yake mtafutie. Wewe usianzishe kamwe, hata kama unajua mna dini moja, maana anayehitaji saini yako hawezi kukukatalia.