Mama kasema nisiende kwa sababu ya magaidi, mi nasema naenda. Tujadili

Wadau naomba tulijadili hili kwa utulivu maana limeshagawa familia yetu nzima. Dada yangu anaishi Brussels, Ubelgiji, kajifungua mtoto wa kwanza, anataka niende wiki tatu nimsaidie maana mumewe anatoka alfajiri anarudi usiku. Viza ninayo, likizo nimepewa. Mama kasema hapana. Sababu yake ni moja tu, kule watu wanalipuliwa, na akishasema hivyo anakata simu.

Na siwezi kumwambia mama anazusha. Tarehe 22 Machi 2016 magaidi walijilipua uwanja wa ndege wa Zaventem, kama saa moja baadaye mwingine akajilipua ndani ya treni ya chini ya ardhi pale kituo cha Maelbeek, wakafa watu 32 ukiacha washambuliaji wenyewe. Dada alikuwa anapanda laini hiyo hiyo kwenda kazini. Mitandao ya simu ikazidiwa, tunapiga haiiti, tunapiga haiiti, mama kakaa na simu mkononi toka asubuhi mpaka mchana hali wala haongei, mpaka ujumbe mmoja mfupi ulipoingia, "mimi mzima". Mtu aliyeipita siku kama ile huwezi kumwagia takwimu ukadhani umemjibu.

Ila niseme mapema nimesimama wapi. Naenda. Na hofu ya mama siioni kuwa ya kijinga hata kidogo, naona tu imeelekezwa kwenye swali lisilo lenyewe. Yeye anauliza "nchi hiyo ni salama?" na swali hilo halina jibu kwa nchi yoyote duniani. Mi nauliza naenda mtaa gani, ntapita wapi, kwa sababu gani, na ikitokea ntafanya nini.

Tuanze na namba japo nimesema hazitoshi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka. Vifo vya ugaidi dunia nzima kwa mwaka 2023, kwa hesabu ya taasisi inayotoa ripoti ya ugaidi kila mwaka kule Sydney, vilikuwa 8,352. Yaani ukitoka nyumbani kwenda uwanja wa ndege, kipande cha hatari zaidi inawezekana ni hicho cha kwenye gari, na hapo hakuna mtu anayekupigia simu kukwambia usiende. Kuna mtaalamu wa saikolojia wa Kijerumani anaitwa Gerd Gigerenzer, alifuatilia kilichotokea Marekani baada ya Septemba 11, 2001. Watu waliogopa ndege wakahamia kwenye magari yao, safari ndefu za barabarani zikaongezeka, na kwa makadirio yake karibu watu 1,500 zaidi walikufa barabarani ndani ya mwaka mmoja uliofuata. Wale hakuna mnara wenye majina yao. Walikuwa wanakimbia kifo kimoja wakaingia kwenye kingine ambacho hakiogopeshi kwa sababu tumekizoea.

Lakini sasa hapa ndo nawaomba wale wa upande wangu tuwe wakweli. Hizo 8,352 hazijagawanywa sawasawa kwa dunia nzima. Burkina Faso peke yake mwaka ule ilikuwa na karibu vifo 2,000, na ukanda wa Sahel, ule wa kusini ya jangwa la Sahara, umebeba sehemu kubwa ya vifo vyote. Ukimwambia mtu wa kaskazini mwa Burkina Faso kwamba ugaidi ni hatari ndogo kuliko ajali utakuwa unamtukana. Kwa hiyo mtu akija na wastani wa dunia, awe anataka kukutisha au kukutuliza, mwambie ataje mahali.

Na hata kutaja mahali kuna mipaka yake. Marekani ina madaraja manne ya kuwaonya raia wake, la 1 ni chukua tahadhari za kawaida, la 4 ni usiende kabisa. Ubelgiji wanaiweka la 2 kwa sababu ya ugaidi, Ufaransa la 2, Ujerumani la 2, Uingereza la 2. Ukitumia hilo kuamua utabaki nyumbani miaka yote. Halafu fikiria nchi ambazo kila mtu angekwambia nenda kwa amani: Norway, Julai 22, 2011, mtu mmoja akaua watu 77. New Zealand, Machi 15, 2019, waumini 51 wakauawa kwenye misikiti miwili ya Christchurch, siku ya Ijumaa wakiwa kwenye ibada. Kabla ya hapo nani angekukataza kwenda New Zealand?

Kuna hoja moja inayotumika sana upande wetu na mi siikubali, ile ya kusema "baada ya shambulio ndo muda mzuri wa kwenda, ulinzi unakuwa mkali". Muulizeni aliyekwenda Tunisia 2015. Machi magaidi walishambulia jumba la makumbusho la Bardo pale mji mkuu, wakaua watalii. Ulinzi ukatangazwa kuongezwa. Juni 26 mtu mmoja na bunduki yake akaingia ufukweni Sousse akaua watu 38, 30 wao Waingereza. Miezi mitatu tu. Kwenye uchunguzi uliofanyika London baadae ndugu wa marehemu walilalamika kuwa waliuziwa safari bila mtu kuwaonyesha onyo la serikali yao kuhusu ugaidi, na jaji akasema wazi polisi wa Tunisia walichelewa kwa makusudi kufika. Nalisema hili kwa sababu "nimesikia ulinzi umeongezwa" sio maandalizi.

Nyingine nisiyoikubali ni "tusiposafiri magaidi wameshinda". Mi sisafiri kumkomoa mtu. Naenda kumbeba mtoto wa dada yangu ili mama yake apate kulala masaa manne mfululizo. Ukimpa mama yangu hoja ya kuwashinda magaidi atakwambia kawashinde na mtoto wako, sio wangu, na atakuwa sahihi.

Sasa maandalizi, maana ndo sehemu ambayo watu wanaiacha na kuishia kubishana. Zaventem mabomu yalilipuka kwenye ukumbi wa kuondokea, upande ambao hata mizigo haijakaguliwa. Uwanja wa Atatürk pale Istanbul, Juni 28, 2016, nako walishambulia kwenye milango na maeneo ya watu wengi kabla ya kuingia ndani kabisa, wakafa zaidi ya 40. Kwa hiyo mi nafanya check-in kwenye simu nyumbani, nabeba begi dogo la mkononi, nikifika napita ukaguzi moja kwa moja, kuagana tunaagana nyumbani sio ukumbini. Pili, lile la simu kutoita tulijifunza kwa uchungu: mitandao ikizidiwa, ujumbe mfupi hupita pale ambapo sauti haipiti. Tumekubaliana, likitokea lolote natuma neno moja kwa mtu mmoja na huyo ndo anawajulisha wote, hakuna kupigapiga. Tatu ni bima, na hapa nawaomba msome yale maandishi madogo, bima nyingi zinajitoa kama umeenda sehemu ambayo serikali imekataza, na nyingine zinalipa matibabu baada ya shambulio ila hazikurudishii nauli ukighairi kwa sababu umeogopa. Na polisi wa Uingereza wana maneno matatu wanayowafundisha watu: kimbia, jifiche, toa taarifa. Kwa mpangilio huo huo. Dakika moja ya kutazama mlango wa pili uko wapi haikuharibii safari.

Hayo ndo yangu. Wanaopinga leteni hoja, nasoma zote.

---

Nimerudi. Nimesoma michango yenu yote, mingine usiku nimeshindwa kulala kwa kuifikiria, nijibu ile iliyonigusa.

Kuna aliyesema serikali zina intelijensia yake, kungekuwa na jambo kubwa zingetwambia, kwa hiyo kama hakuna katazo twende tu. Ndugu yangu mi nakubali mwisho wa hoja yako ila sio mwanzo wake. Desemba 5, 1988 mtu alipiga simu ubalozi wa Marekani Helsinki akasema ndege ya Pan Am kutoka Frankfurt kwenda Marekani italipuliwa ndani ya wiki mbili. Tahadhari ikatumwa kwa mashirika ya ndege na balozi, ubalozi wa Moscow ukaibandika ukutani wafanyakazi wake waisome. Abiria wa kawaida hawakuambiwa kitu. Desemba 21 ndege ya Pan Am 103 ikalipuka juu ya mji wa Lockerbie kule Scotland, wakafa 270. Wachunguzi walikuja kusema simu ile haikuhusiana na bomu lile, sawa, lakini wafiwa waliuliza kwa nini kuna watu walipewa nafasi ya kuchagua na wengine hawakupewa, na kelele zao ndo zilizaa utaratibu wa Marekani kwamba wakiwaonya watumishi wao kuhusu tishio la aina hiyo lazima wawaonye na wananchi. Kwa hiyo soma maonyo, ndiyo, ila usidhani ukimya maana yake hakuna kitu.

Kuna dada kaandika kwa uchungu kwamba yeye akisafiri bomu sio hofu yake ya kwanza, hofu yake ni kuvaa hijabu na kuwa na jina la Kiislamu kwenye mji ambao umeshambuliwa wiki iliyopita. Hili sikuliweka pale juu na nilikosea kutoliweka. Ni kweli kabisa baada ya shambulio mgeni anatazamwa kwa jicho lingine. London ilishambuliwa Julai 7, 2005 wakafa watu 52, na Julai 22 polisi wakampiga risasi Jean Charles de Menezes ndani ya treni kituo cha Stockwell wakidhani ni mmoja wa waliojaribu kulipua mabomu siku moja kabla. Alikuwa fundi umeme kutoka Brazil anaenda kazini. Hakuwa gaidi, hakuwa hata Muislamu. Ukiniuliza cha kufanya sina jibu zuri, naweza kusema tu tembea na pasipoti au nakala yake, barua ya mwenyeji wako, namba yake ya simu umeiandika kwenye karatasi, na jibu maswali ya uhamiaji kwa ufupi na utulivu hata kama yanakudhalilisha. Inauma kukuandikia hivyo kwa sababu mzigo huo wengine hawaubebi. Lakini we kusema huendi kwa sababu hiyo, mi sitakubishia.

Mwingine kasema mimi ni mbinafsi, kwamba anayesafiri anapanda ndege anakula anaangalia sinema, na hofu yote anawaachia waliobaki. Hii ndo imenikosesha usingizi. Ni kweli. Mi nikiwa kule ntazoea siku ya tatu, ntakuwa napanda treni hiyo hiyo nikiwa nimesinzia. Mama ndo atakuwa anashtuka kila taarifa ya habari. Nilikuwa naliona jambo hili kama mabishano ya nani ana hesabu sahihi na nikajiona nimeshinda, kumbe hatari ndogo ninayoikubali mimi yeye hakuulizwa. Jana nimempigia, sikumtajia namba hata moja. Nimemuuliza tu nini kitamsaidia. Kanyamaza muda mrefu halafu kasema anataka nimtumie ujumbe nikitoka na nikirudi, kila siku, na nisipande ile laini ya Maelbeek asubuhi. Nikataka kumwambia laini nyingine haina tofauti yoyote kwa hesabu. Sikusema. Nimekubali, ntapanda basi, litanichelewesha na hamna shida. Bado hajasema "nenda", ila hakukata simu.

Sasa kuna jambo moja limebaki na hapa hoja zangu zote zinakwama, ndo maana narudi kwenu. Dada anataka nije na binti yangu wa miaka sita. Kwa nafsi yangu nimeamua na nimetulia. Kwa yeye siwezi. Hatari ni ile ile, hesabu ni ile ile, uwanja wa ndege ni ule ule, na bado nikifikiria ameshika mkono wangu kwenye ukumbi ule wa kuondokea mwili unakataa. Nimekaa nikajiuliza hivi si ndo hali aliyonayo mama yangu juu yangu? Baba yake anasema tumwache nyumbani, dada anasema tusimlee mtoto kwa hofu, na wote nawaelewa. Mliowahi kusafiri na watoto wadogo kwenda mji ambao umewahi kushambuliwa, mliamuaje, na mtoto mlimwambia nini alipouliza kwa nini kuna askari wenye bunduki mlangoni?