Ng'ombe wa kikundi achinjwe na nani?

Katibu42: Bwana asifiwe, asalaam aleikum. Nina jambo limenishinda peke yangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana huku Sengerema. Tupo 42, Waislamu 15, waliobaki ni Wakristo wa madhehebu tofauti. Kila Desemba tunanunua ng'ombe, tunachinja, tunagawana kilo. Tangu kikundi kianze mchinjaji ni mzee mmoja Mwislamu, jirani yetu, na hakuna aliyewahi kuhoji. Mwaka huu wanachama sita walokole wamesimama kikaoni wakasema wamechoka kula nyama iliyosomewa dua isiyo yao, wanataka zamu, mwaka huu achinje Mkristo. Waislamu wakajibu kwamba ikiwa hivyo wao warudishiwe fedha zao. Mwenyekiti kanitupia mimi. Nauliza: huu utaratibu wa Waislamu kuchinja kwa niaba ya wote uwekwe kwenye sheria ubishi uishe, au kila mtu aachiwe achinje? Nataka hoja, kikao ni Jumamosi.

Wakili wa Mtaa: Ndugu katibu, anzia kwenye Katiba ya 1977. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani. Sasa nchi isiyo na dini itatungaje sheria ya kusema kisu kishikwe na mtu wa dini fulani? Kazi ya serikali machinjioni ni afisa mifugo akague ng'ombe kabla na nyama baada, apige muhuri, basi. Mengine ni mila.

Mama wa Katoro: Mila hiyohiyo unayoiita "basi" ilimwaga damu ya watu. Au mmesahau? Februari 2013 nilikuwa nauza dagaa Katoro, na Buseresere ni hapo tu, ukitoka huku umeingia kule. Ubishi ulikuwa huuhuu wa nani achinje. Mchungaji akauawa. Siku ile tulifunga vibanda saa nne asubuhi, nikamwaga dagaa wangu kwenye kiroba bila kupima, nikambeba mtoto mgongoni nikakimbilia kwa jirani yangu Mwislamu kwa sababu nyumba yake ilikuwa na geti la chuma. Mimi Mkristo nilijificha kwa Mwislamu siku Wakristo na Waislamu wanakatana mapanga. Kwa hiyo katibu, ukienda hapo kikaoni nenda taratibu.

Fundi Bomba: Hiyo ya Buseresere si ndiyo ile ya mtoto aliyekojolea Kurani?

Mama wa Katoro: Hapana mwanangu, hiyo ni Mbagala, Dar, Oktoba 2012, watoto wawili walibishana, makanisa yakachomwa. Miezi minne tu kabla. Mnachanganya kwa sababu ulikuwa msimu mmoja mbaya. Padri aliuawa Zanzibar wiki ileile ya Buseresere, na Mei Olasiti kule Arusha bomu likarushwa kanisani.

Mkwezi: Serikali ilitoa msimamo wakati ule: nyama ya kuuzwa kwa watu wote utaratibu wa zamani uendelee, wachinje Waislamu. Na ina mantiki, wala si ya kidini, ni hesabu tu. Mkristo akila nyama aliyochinja Mwislamu hapotezi kitu. Mwislamu akila kibudu kapoteza dini yake. Asiyepoteza ampishe anayepoteza.

Nyakato: Kibudu? Rudia hapo kaka. Baba yangu amechinja mbuzi wa nyumbani kwetu tangu sijazaliwa. Ananoa kisu kwenye jiwe la mtoni, anamfunga miguu kwa kamba ya katani, anamlaza taratibu, anakata mara moja. Hajawahi kumtesa mnyama. Halafu wewe unaiita nyama yake kwa neno la mzoga uliokutwa porini?

Mkwezi: Dada, si tusi. Ni neno la fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu. Mnyama asiyechinjwa kwa sharti anaitwa hivyo.

Nyakato: Neno la fiqhi lisemee darasani kwenu. Hapa umelisema mbele ya watu na umelisema juu ya baba yangu.

Ustadhi Tanga: Nina neno hapa, na namwambia Mkwezi ndugu yangu kwa upole. Sura ya Maida, aya ya 5, inasema chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu. Wanazuoni wengi wamechukua hiyo kuwa nyama aliyochinja Mkristo au Myahudi inafaa. Sharti wanalobishania ni lile la kutaja jina la Mwenyezi Mungu, na kwamba mnyama achinjwe kweli, si kunyongwa wala kupigwa rungu. Kwa hiyo kumwambia mtu moja kwa moja kwamba alichochinja baba yake ni kibudu, hilo ni kubwa kuliko elimu tuliyonayo sisi tunaobishana hapa. Mimi binafsi nikiwa na shaka siili. Kuacha kula ni haki yangu. Kumpa jina baba wa mtu, hapana.

Mkwezi: Ustadhi, ukifungua mlango huo kesho kila bucha itasema "tulitaja Mungu". Utamuuliza nani? Mzee wangu mimi ni mfanyakazi wa bandari, anakula kwa mama lishe kila mchana, hana muda wa kufanya uchunguzi. Huu utaratibu unampa usalama wa moyo.

Bint Kigamboni: Nimesoma hapa miaka yote nikinyamaza, leo nitasema, kwa sababu neno hilo la kibudu mimi nimeliishi.

Rafiki yangu wa sekondari, Mkristo, aliolewa kwao Moshi. Nilikuwa msimamizi wake mkuu wa upande wa wasichana, siku tatu nalala kwao, napika nao. Siku ya harusi nimekula ndafu na wali. Nipo nanawa mikono, shangazi mmoja akasema kwa kicheko kwamba yule mbuzi alichinjwa na mjomba wao, na mkono wake ni mwepesi. Nilihisi tumbo linageuka. Nikaenda nyuma ya jiko, penye ndizi, nikajitia kidole kooni nikatapika. Nilikuwa na miaka 22, hicho ndicho nilichofundishwa.

Nikiwa nimeinama vile, mama wa bibi harusi akatokea na kopo la maji. Hakuniuliza unaumwa nini. Alijua. Alinimiminia maji mikononi, akanifuta mdomo kwa kanga yake ya sherehe, akasema, "Mwanangu, kuku tuliwachinjisha kwa Mwislamu wa pale sokoni kwa ajili yako. Wako kwenye sufuria ndogo. Hakuna aliyekuonyesha." Kisha akarudi kwa wageni.

Miaka kumi na moja sasa. Rafiki yangu hajawahi kulitaja, wala mimi. Lakini alipojifungua sikuitwa.

Fundi Bomba: Pole dada. Ila kusema ukweli kosa ni lao. Wanajua wana mgeni Mwislamu, sufuria inafichwa?

Nyakato: Kosa lao? Wamekwenda sokoni kumtafutia mtu wa kuchinja kuku! Kwanini yeye hakuuliza kabla ya kuweka mdomoni? Na mtu akitapika chakula cha harusi yako, mbele ya mama yako, wewe ungemwita kwenye arobaini ya mtoto?

Bint Kigamboni: Nyakato, sijasema walikosea wao. Soma tena. Nimesema sikuitwa, na ninaelewa kwa nini.

Nyakato: Nisamehe dada. Nilisoma kwa hasira niliyokuwa nayo na Mkwezi.

Chifu wa Kilema: Mimi ni Mchagga wa Moshi na nataka kuweka sawa. Ndafu kwetu si nyama tu, mchinjaji wa ukoo ana nafasi yake. Huwezi kumwambia mjomba akae pembeni siku ya harusi ya mpwa wake amwite mtu wa sokoni. Hiyo nayo iheshimiwe. Kila siku tunaambiwa tuwaheshimu wengine, na mila zetu je?

Mwana Kisauni: Huku Mombasa mambo haya hatuyafikishi mbali, bucha nyingi huchinjiwa na Waislamu na wabara wananunua bila maneno. Tulichogombania sisi ni Mahakama ya Kadhi. Kura ya maoni ya 2010 makanisa mengi yalipinga katiba, mojawapo ya sababu ni kadhi kuwekwa ndani. Ikapita, ibara ya 170 iko mpaka leo, na hakuna Mkristo aliyeburutwa kwa kadhi. Watanzania mnaogopa kuandika mambo. Andikeni.

Wakili wa Mtaa: Ndugu wa Kisauni, kadhi anawahukumu Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Hapa tunazungumza kuandika sheria inayomnyima Mkristo kazi. Machinjioni mchinjaji analipwa kwa kila kichwa. Kijana Mkristo anayejua kisu kwa nini asiipate hiyo hela?

Mwana Kisauni: Hapo umenikuta. Lakini kijana wa Kiislamu naye hatapata kazi kwenye bucha ya kitimoto, na hajalalamika.

Fundi Bomba: Katibu, nunueni samaki. Mpo Sengerema, ziwa lipo mlangoni. Samaki hachinjwi na mtu yeyote.

Katibu42: Kaka, mwaka mzima tunakula sato na dagaa. Ukimwambia mtu wa huku kwamba amechanga Januari mpaka Novemba ili Desemba apewe samaki, kikundi kinavunjika siku hiyohiyo. Halafu naomba mnirudishe kwenye swali langu.

Mlokole wa Ziwani: Mimi ni mmoja wa wale sita. Katibu hajui kama nipo humu. Nimesoma mnavyotusema kana kwamba tuna chuki, nataka mnisikie.

Mzee anayetuchinjia ananifahamu tangu natambaa. Alimzika baba yangu, alishika jembe. Sina neno naye. Lakini nilipookoka mwaka 2016 nilisoma Matendo 15, mitume wanaagiza watu wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, na damu, na nyama iliyonyongwa. Ninaposikia dua ya imani nyingine inasomwa juu ya chakula changu, roho yangu inakataa. Siwezi kuilazimisha. Mwislamu akisema dhamiri yake inakataa, nchi nzima inamtafutia njia. Mimi nikisema dhamiri yangu inakataa, naambiwa "hupotezi kitu". Nani amewaambia sipotezi? Mkwezi amepima imani yangu kwa mizani gani?

Ustadhi Tanga: Ndugu yangu, umesema kweli na umesema kwa adabu. Nikuulize kimoja tu. Mchinjaji anasema "Bismillahi, Allahu akbar", yaani kwa jina la Mungu, Mungu ni mkubwa. Na wewe kanisani si unasema Mungu ni mkuu? Sanamu iko wapi hapo?

Mlokole wa Ziwani: Shehe, mimi namwomba Mungu kwa jina la Yesu. Kwako hilo ni dogo, kwangu ndiyo imani yenyewe. Sitaki kukudanganya kwamba ni kitu kilekile ili tu tupatane.

Ustadhi Tanga: Nimekuelewa. Afadhali hivyo.

Mama wa Katoro: Na Paulo je, mwanangu? Wakorintho wa Kwanza, sura ya 8. Paulo anasema chakula kikimkwaza ndugu yake hatakula nyama kabisa. Wewe unamkwaza au unakwazwa?

Mlokole wa Ziwani: Mama, shikamoo. Hilo andiko limenikosesha usingizi siku tatu. Sina jibu nalo bado.

Mkwezi: Mbona sasa wote mnanishambulia mimi? Nimesema hesabu. Nyerere Mkatoliki alipofika Dar alipokelewa na akina Sykes, familia ya Kiislamu, alikula kwao, TANU ikajengwa 1954. Nani alihoji nani amechinja?

Chifu wa Kilema: Hakuhoji kwa sababu alikuwa mgeni. Hapa sote ni wenyeji.

Nyakato: Mkwezi, hakuna anayekushambulia. Nimeuliza jambo moja tangu jana. Utaliondoa neno lile juu ya baba yangu, au hutaliondoa?

Wakili wa Mtaa: Tumesahau swali la katibu. Pendekezo langu: ng'ombe mmoja kwa mzee, na wale sita wakate mbuzi wao pembeni kwa fedha yao. Masufuria tofauti. Haihitaji sheria.

Bint Kigamboni: Na masufuria yaandikwe. Tafadhali. Mtu aonyeshwe lipi ni lake kabla hajakaa kula.

Katibu42: Ndugu zangu, kikao cha Jumamosi hakipo. Jana usiku tumefiwa, mama mkwe wa mwanachama mmoja, mmoja wa wale sita. Mazishi Alhamisi. Saa tano usiku mfiwa mwenyewe amenipigia simu. Anasema ameshanunua ng'ombe, na anaomba nimpitie mzee alfajiri na pikipiki aje amchinje, kwa sababu nusu ya waombolezaji ni majirani Waislamu na hataki mtu arudi nyumbani na njaa kutoka kwake. Nikamuuliza, na wewe utakula? Akasema yeye na watoto wake watakula maharage. Nikamuuliza na la Desemba? Akasema la Desemba msimamo wake uko palepale.

Mama wa Katoro: Pole sana kwake. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Nitatuma rambirambi, nitumie namba pembeni.

Ustadhi Tanga: Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Poleni wafiwa wote.

Nyakato: Pole kwa mfiwa. Mkwezi, bado nakusubiri.