PHP: ankara ya PDF inafika kama rundo la herufi, jedwali linaonyesha tagi

mwana_ujiji
Wakuu, salaam. Ni tovuti ya oda za dagaa na mawese hapa Kigoma. Oda ikithibitishwa, skripti inamtumia mteja barua pepe yenye jedwali la mzigo na ankara ya PDF. Natumia `mail()`, amri ya PHP ya kutuma barua. Inafika `<table><tr>` zikisomeka wazi, na chini yake mistari kibao inayoanza na `JVBERi0`. Kwa wengine inaangukia kwenye spamu. Nimekosea wapi?

fundi_seva
Mkuu, hiyo `JVBERi0` ndiyo PDF yenyewe: `%PDF-` ikipita kwenye base64 (njia ya kuandika faili kwa herufi za kawaida) husomeka hivyo. Faili limefika, ila barua haijatamka kwamba ni kiambatisho. Vichwa (mistari ya juu inayoieleza barua) umeviandika ndani ya nukuu moja au mbili? Katika PHP, `'\r\n'` ya nukuu moja haivunji mstari, inabaki herufi nne tu. Hapo From, MIME-Version na Content-Type vinagandana kuwa mstari mmoja, na barua yote inasomwa kama maandishi ya kawaida. Tumia `"\r\n"`.

Kagua na mipaka (boundary) inayotenganisha vipande vya barua. Ukitangaza `multipart/mixed; boundary="abc"`, kila kipande kinatanguliwa na `--abc`, na mwisho kabisa `--abc--`. Kati ya vichwa vya kipande na maudhui yake pawe na mstari mtupu. Ukikosekana, maudhui yanamezwa kama vichwa.

Lakini kwa kazi ya wateja, kuunda haya kwa mkono ni kujitafutia balaa. Weka PHPMailer, maktaba ya PHP ya kutuma barua, kwa kutumia Composer: `composer require phpmailer/phpmailer`, kisha:

`$mail->isHTML(true);`
`$mail->Body = $jedwali;`
`$mail->AltBody = $maandishi;`
`$mail->addAttachment($njia, 'ankara.pdf');`

AltBody usiiache, ni kwa programu zisizoonyesha HTML. Kama PDF haihifadhiwi kwenye diski, tumia `addStringAttachment()`. Rangi za jedwali ziandike kwenye `style` ya kila `<td>`, kwa sababu baadhi ya programu za barua hufuta CSS (maelezo ya mwonekano) iliyowekwa juu.

nyuki_tabora
Kuhusu spamu: usiweke anwani ya mteja kwenye From. Seva yako haina idhini ya kutuma kwa jina la domeini yake, na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini) itakuumbua. From iwe anwani ya domeini yako; kwa nakala ya oda inayokujia wewe, ya mteja iende kwenye `addReplyTo()`. Tuma kwa SMTP (njia ya seva za barua) yenye nenosiri: poti 587 kwa STARTTLS, ambako usimbaji unaanza baada ya kuunganishwa, au 465 ambako unaanza tangu mwanzo. Ukizichanganya, skripti itaning'inia mpaka muda uishe. Kwenye DNS (rekodi za domeini yako) weka SPF na DKIM, yaani saini ya kidijitali ya barua. Ikigoma, `SMTPDebug = 2` itakuonyesha seva imejibu nini, ila izime kabla wateja hawajaiona.

mwana_ujiji
Asanteni sana, zilikuwa nukuu moja kweli! Nimehamia PHPMailer, PDF inafunguka. Sasa majina ya wateja wa Bujumbura na Uvira, kama André, yanatoka "AndrÃ©".

fundi_seva
PHPMailer isipoambiwa hutumia usimbaji wa herufi wa iso-8859-1, wakati majina yako yako kwenye UTF-8. Ongeza `$mail->CharSet = 'UTF-8';` kabla ya kutuma. Na ukija kuambatisha picha za mzigo, kumbuka base64 hugeuza baiti 3 kuwa 4. Kikomo cha kutuma cha Gmail ni MB 25, kwa hiyo faili la MB 20 linapita kiasi. Hilo lipandishe kwenye seva, utume kiungo.