NCLEX-RN nikiwa Kenya: nianze na bodi au CGFNS?

nesi_ziwani: Wadau, nina diploma ya KRCHN (uuguzi wa afya ya jamii Kenya) na leseni hai ya Baraza la Wauguzi. Nataka kufanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, kabla ya kwenda huko, na namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) sina. Nianzie wapi, na faili hukwama wapi?

wodi_ya_tatu: Anza na kuchagua jimbo la Marekani. Kila bodi ya uuguzi ya jimbo ina masharti yake, na ndiyo inayoamua ulipie ripoti gani ya CGFNS, shirika linalokagua vyeti vya wauguzi wa nje (sasa linaitwa TruMerit). Usilipe chochote kabla ya kusoma masharti hayo. New York haikuzuii kuomba kwa kukosa Social Security, ndiyo maana wauguzi wengi wa nje hupitia huko.

Faili nyingi hukwama kwenye transkripti. Lazima chuo kiitume chenyewe. Ukiipeleka wewe haihesabiki, hata ikiwa na muhuri. Tena ionyeshe saa za darasani na za wodini, kila moja mbali, kwa nyanja nne: watu wazima, watoto, uzazi na afya ya akili. Chuo kikijumlisha saa zote za kliniki kwenye mstari mmoja, utaulizwa upya, na hapo ndipo miezi hupotea. Tafadhali mwone msajili kabla hajaituma. Uthibitisho wa leseni nao hutoka Baraza moja kwa moja.

rn_dayaspora: Naongeza suala la jina. Pasipoti ikiwa na majina mawili na usajili matatu, rekebisha mapema. Jina kwenye ATT, ile idhini ya kufanya mtihani, lisipolingana na pasipoti hutaingia chumbani, na ada imekwenda.

Ada ya Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani, ni dola 200, na kufanyia nje ya Marekani unaongeza 150. ATT ina tarehe ya mwisho na haiongezwi muda, kwa hiyo weka nafasi ya mtihani mara tu inapofika.

nesi_ziwani: Asanteni sana. Maswali ni mangapi?

wodi_ya_tatu: Kati ya 85 na 150, ndani ya saa 5. Kompyuta hupandisha au kushusha ugumu kadiri unavyojibu, kwa hiyo ikizima kwenye 85 usihukumu lolote: huenda umefaulu, huenda umefeli. Ukifeli unasubiri siku 45.

rn_dayaspora: Na ukifaulu, viza ya kazi bado inahitaji VisaScreen, cheti cha ukaguzi wa wauguzi wa nje, ambayo ndani yake mna mtihani wa Kiingereza. Hudumu miaka 5.