FFmpeg au Audacity kwa kutenganisha chaneli 6?

Mzuzu_Dom: Wakuu, habari za jioni. Nina rekodi ya muheme, ngoma ya Wagogo, kutoka Chamwino, Dodoma. Ni sauti ya 5.1 (chaneli tano na moja ya besi) katika faili moja la WAV. Nataka kutenganisha chaneli, nipunguze upepo, kisha niziunganishe ziwe AC3 au DTS, miundo ya sauti iliyobanwa ambayo risiva ya ukumbini inaisoma. Ukumbi wanaitaka Jumamosi. Nitumie programu ipi, FFmpeg ya kuandika amri au Audacity ya kuhariri kwa kuona?

Fundi_Kisasa: Mkuu, la muhimu umeliacha. Risiva ya ukumbini inaingia kwa HDMI au optiko? Rekodi ni dakika ngapi? Biti ngapi?

Nkuhungu4: Audacity. Mawimbi unayaona kwa macho, upepo unaushika pale pale.

Sauti_Makole: Ila AC3 haitoi mpaka uiwekee FFmpeg. Mimi nasema DTS, 1509 kbps. AC3 inaishia 640.

Fundi_Kisasa: DTS ya FFmpeg bado imewekwa alama ya majaribio. Kazi ya watu usiijaribie huko.

Ilazo_Kwaya: Chochote utakachochagua, angalia mpangilio wa chaneli. Mwaka jana niliunganisha kwaya ya harusi. Faili zangu nilizipanga kushoto, kati, kulia, nyuma mbili, besi. Programu ikazisoma kwa mpangilio wa WAV: kushoto, kulia, kati, besi, nyuma mbili. Mchungaji akasikika upande wa kulia tu, na besi yote ikaingia kwenye kispika cha nyuma. Kilikoroma dakika mbili, kikapasuka mbele ya wazazi wa bibi harusi. Nilikilipa. Sasa kabla ya kazi narekodi sauti yangu nikitaja "kushoto", "kati", "besi", kila neno na chaneli yake, halafu nazunguka ukumbi nikisikiliza.

Mzuzu_Dom: Pole sana mkuu. Yangu ni dakika 95, biti 24, 48 kHz. Mwishoni inakatika.

Fundi_Kisasa: Ndiyo maana! WAV ya kawaida haivuki GB 4, kwa chaneli 6 ni kama dakika 83. Kama mradi wa awali bado unao, itoe upya kwa W64 au RF64, aina za WAV zinazovuka GB 4. Na waya, HDMI au optiko?

Sauti_Makole: Chaneli ya besi ya nini kwenye muheme? Ngoma wanazibana mapajani kina mama, spika za mbele zinatosha.

Nkuhungu4: Hapana, ule mvumo wa chini ndio unaomwinua mtu kwenye kiti. Na upepo usiufute wote, Chamwino ndivyo inavyosikika.

Ilazo_Kwaya: Upepo ukigonga maiki si Chamwino, ni kelele. Ulifunika maiki na nini?

Mzuzu_Dom: Sponji na kipande cha kanga.

Nkuhungu4: Kanga nyepesi au nzito?